Asali Ambayo Sikuipima

"Andika ulikuwa unamuuguza mama yako," baba alisema. "Mstari mmoja tu. Nani atakwenda kuchunguza?"

Fomu ilikuwa mezani, imekandamizwa na kikombe cha chai upepo usiichukue. Nilikuwa nimekwisha kuijaza polepole, kwa mwandiko niliojifunza ukubwani katika kisomo cha jioni pale parokiani. Jina: Imakulata Lugembe. Umri: miaka ishirini na saba. Makazi: Itetemia. Kazi uliyowahi kufanya: mpokeaji wa asali ghalani. Mstari mmoja ulibaki mweupe, nao ulipigwa chapa hivi: Sababu ya kuacha kazi.

"Baba, mama aliugua mwezi wa nane. Mimi nilifukuzwa mwezi wa tano."

"Kwani ushirika utamwita daktari atoe ushahidi? Mama yako aliugua au hakuugua?"

"Aliugua."

"Basi. Uongo uko wapi?"

Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Akasema huko huko, bila kutoka, "Msinitie mimi kwenye karatasi zenu. Nilipougua aliyeniuguza ni dada yangu. Huyu mwanao alikuwa amejifungia ndani, hata uji hanywi."

Baba alikohoa, akanisogezea fomu. Baba yangu, Anselm Lugembe, ni mtu mwema. Alituongoza kusali rozari kila jioni tangu tukiwa wadogo, na uongo aliowahi kuusema mbele yangu ulikuwa mdogo mdogo, wote kwa ajili ya watoto wake. Akaketi karibu nami, akashusha sauti.

"Mwanangu, watu wakisikia neno kufukuzwa, masikio yao yanaishia hapo. Na lile jingine ndiyo kabisa, nisilisikie."

"Lipi, baba?"

"Unalijua."

Nililijua. Lile jingine lilikuwa mtu, na jina lake Mayala, mrina asali kutoka upande wa Sikonge. Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa halijatamkwa mwaka mzima na zaidi.

Sikuandika kitu. Niliikunja fomu, nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala, nikaaga.

Kutoka Itetemia mpaka lilipokuwa ghala jipya la ushirika ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kusali matendo ya furaha ya rozari, lakini moyo wangu uliyataka ya uchungu. Nikamwomba Mama Maria anisamehe, nikayasali hayo. Nilipofika kwenye kumi la mwisho nilisimama kando ya njia nikasema kwa maneno yangu mwenyewe: Bwana, ukipenda nipate kazi hii, nipe. Usipopenda, basi nipe tu ulimi usioteleza.

Ghala lilikuwa nyumba ya zamani ya udongo yenye kuta nene, kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara wakielekea Ujiji. Wazee walisema humo yalilazwa meno ya tembo. Sasa ukiwa barabarani tu ulisikia harufu ya nta. Nje kulikuwa na benchi, na watu wawili waliitwa kabla yangu. Wa pili alitoka anatabasamu, akanikonyeza kama anayesema, hawa hawana neno.

"Ndugu Imakulata Lugembe!"

Niliingia. Palikuwa na meza moja, na nyuma yake watu watatu. Katikati aliketi Mzee Selemani, mwenyekiti, fundi bati wa mjini ambaye karibu kila debe la Tabora limepita mikononi mwake. Kulia kwake alikuwa Bi Zamda, katibu, mwanamke wa makamo mwenye khanga mbili na kalamu mkononi, aliyefanya biashara ya nta tangu enzi za baba yake. Kushoto, akiwa ameinamia karatasi, alikuwa mwanamume mrefu mwenye uvimbe wa kuumwa na nyuki chini ya jicho.

Mkono wangu ulitafuta mgongo wa kiti ukakosa, ukatafuta tena.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Keti, ndugu, usituangukie," alisema Mzee Selemani. "Huyu ni Ndugu Mayala, mjumbe wa warina asali. Wenzake wamesema hawapimiwi asali yao na mtu ambaye hawakumhoji wenyewe. Nami naona wana haki."

Mayala aliinua uso. Nilikuwa nimeuwaza uso ule katika kila hali, ukicheka, ukiwa na huzuni, hata ukiwa na hasira. Sikuwahi kuuwaza ukiwa na adabu.

"Mwangaluka," alinisalimu, kama wanavyosalimiana Wanyamwezi asubuhi hata na mpita njia.

"Mwangaluka," niliitikia.

Akarudi kwenye karatasi yake. Alikuwa amekonda. Ukosi wa shati lake ulikuwa umepigwa pasi vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni: nani anampigia pasi?

"Tuanze," alisema Mzee Selemani. "Asali iliyoiva unaijuaje?"

Hilo nililijua hata usingizini. "Nachovya kijiti, nakiinua. Iliyoiva inashuka kama uzi usiokatika, ikifika chini inajikunja juu juu kwanza ndipo inazama. Asali changa inadondoka matone kama maji. Tena natazama masega. Nyuki wakiyafunga kwa nta, imeiva. Yakiwa wazi, aliyeyakata amewahi mno."

"Ndugu Mayala, ni sawa?"

"Ni sawa," alisema, na hakuinua macho.

"Asali yenye majivu?"

"Naichuja mara mbili kwa kitambaa."

"Yenye moshi?"

"Moshi hauchujiki, mzee. Hiyo naiweka kando, na namwambia aliyeileta kwa upole, maana amelala porini majuma matatu kwa ajili yake."

Mzee Selemani alimtazama Bi Zamda, Bi Zamda akaandika. Nilianza kupumua. Kisha Bi Zamda akaigeuza fomu niliyomkabidhi, akaweka kidole pale nilipopajua.

"Hapa hukujaza. Umepasahau?"

"Hapana, mama."

"Basi uliacha kazi kwa nini?"

Nilisikia sauti ya baba waziwazi kabisa, kama yuko nyuma ya kiti. Mstari mmoja tu. Na kwa kuwa mbele yangu aliketi mtu ambaye kwa ajili yake nilitamani kuonekana msafi kuliko kwa mtu yeyote mwingine duniani, uongo ule ulikuwa mtamu siku ile kuliko siku zote. Nikaishika rozari mfukoni.

"Sikuacha, mama. Nilifukuzwa."

Kalamu ya Mayala ilisimama. Mzee Selemani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Wawili waliokutangulia wote walikuwa wanauguza mama zao. Nilianza kuogopa kwamba mji huu umeingiliwa na ugonjwa wa akina mama."

Bi Zamda alicheka kwa pua, kisha akakaza uso. "Ulifukuzwa kwa kosa gani?"

"Uzembe kazini. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua, na ni kweli." Nilimtazama yeye peke yake, kwa sababu kushoto kwa meza sikuweza kutazama. "Pale nilipokuwa, asali ya watu wote ilimiminwa kwenye pipa moja kubwa, ndipo ikajazwa katika madebe na madebe yakaungwa vifuniko kwa risasi. Asali changa ya mtu mmoja ikiingia pipani inaharibu ya wenzake wote. Ndiyo maana anawekwa mpokeaji wa kupima. Siku moja niliimimina asali ya mtu bila kuipima. Madebe yakapakiwa kwenye behewa. Yalichacha njiani, yakavimba, yakapasuka. Kijiji kizima cha warina asali kilipoteza msimu wake kwa mkono wangu."

"Kwa nini hukuipima?" aliuliza Bi Zamda. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Kazi ilikuzidi?"

"Hapana, mama. Siku ile alikuja mtu mmoja tu."

"Basi nini? Mimi lazima niandike kitu hapa."

Nilijua kwamba uso wangu unawaka. "Nilikuwa namtazama aliyeileta."

"Unamtazama namna gani?"

"Namna ile, mama."

Huko nje mtu alikuwa anaburuta magunia. Bi Zamda aliinama juu ya karatasi, mabega yanamtikisika, akasema, "Mwenyekiti, niandike 'namna ile'?"

"Andika alipitiwa," alisema Mzee Selemani. Lakini yeye hakucheka. "Ndugu, alikuwa nani?"

"Jina lake sitalitaja, mzee."

"Hapa tunanunua asali za watu. Mtu anayeleta asali changa tunamtaka kumjua."

"Naelewa. Hata kule waliniuliza, wakaniambia nikimtaja watanisamehe. Lakini yeye kazi yake ni kurina, ya kupima ilikuwa yangu. Kama hamtanipa kazi kwa sababu hiyo, sitalaumu."

"Ilikuwa siku gani?"

Aliyeuliza ni Mayala. Sauti yake haikuwa ya adabu tena. Nilijua hatari iliyokuwa ndani ya swali lile, nami nilikuwa nimemwomba Mungu ulimi usioteleza, siyo ulimi unaojificha.

"Sikumbuki vizuri," ningeweza kusema. Nikasema, "Jumanne baada ya Pasaka, mwaka jana."

Mayala aliweka kalamu chini. Akasimama taratibu, kama mtu aliyekuwa juu ya mti na ambaye tawi limeanza kulia chini yake.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "asali hiyo ilikuwa yangu."

"Mayala, keti," nilimwambia. Lilinitoka hivyo hivyo, mbele ya kamati nzima, kama namwambia mtu wa nyumbani.

"Siketi. Mwenyekiti, Jumanne ile nilifika pale na malindo mawili juu ya baisikeli." Lindo ni pipa la gome la mti, ndilo tunalobebea asali. "Masega hayakuwa yamefungwa. Nusu yake yalikuwa wazi, niliyaona kwa macho yangu nikayakata."

Mzee Selemani alivaa miwani ili amwone vizuri. "Wewe? Mrina asali wa miaka kumi na tano, ukate masega yaliyo wazi?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini porini?"

Ndipo Mayala aliponitazama, mara ya kwanza tangu nilipoingia, nami nikamtazama. Nilisahau kwamba kuna watu wengine.

"Nilikuwa nimekaa tangu mwanzo wa Kwaresima bila kumwona huyu," alisema. "Nikajiambia, nikisubiri nyuki wafunge nitakaa mwezi mwingine. Nikakata Jumamosi Kuu. Jumapili alfajiri nikasali makaburini na wenzangu, kama tufanyavyo sisi Wamoraviani siku ya Pasaka, kisha nikapanda baisikeli."

Kalamu ya Bi Zamda ilianguka ikabiringika chini ya meza. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Subhanallah," alisema Mzee Selemani kwa sauti ya chini. "Mmoja hakusubiri nyuki, mwingine hakuchovya kijiti. Na madebe ya bati ndiyo yaliyopasuka." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Tokeni nje wote wawili. Ndugu Mayala, wewe huwezi kukaa katika jambo hili. Mimi na katibu tutazungumza."

Tuliketi kwenye benchi la nje, kila mmoja mwisho wake. Katikati pangeweza kukaa watu watatu. Waliobaki wakisubiri zamu waliona nyuso zetu wakasogea kwenye kivuli cha ukuta wa mbali.

Mayala alikuwa anatazama vumbi la barabara.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Ulikuwa wapi nikwambie? Barua yangu ya kufukuzwa ilitoka wewe uko porini. Kisha nikasikia kijiji chenu kimehamishwa. Nikasema, akitaka atanitafuta."

"Nilikutafuta."

"Lini?"

"Siku ya Petro na Paulo. Niliuliza pale ghalani, wakasema hayupo. Nikaja Itetemia."

Nikageuka nikamkabili. "Itetemia kwetu?"

"Kwenu. Nyumba yenye mlimau mbele. Baba yako alinipokea vizuri sana, akanipa kiti, akanipa maji. Akaniuliza dini yangu. Nikamwambia Moraviani. Akaniambia, 'Kijana, umechelewa. Binti ameposwa na mwalimu wa Urambo.'"

"Urambo!" Niliruka. "Mimi Urambo sijawahi kufika hata kwa kuuza karanga!"

"Sikujua. Nilimwachia lindo dogo la asali nililokuletea, nikamwambia awape maharusi."

Nilifunika uso kwa viganja. Nililikumbuka lindo lile. Baba alikuwa ameingia nalo ndani mchana ule na kusema ameliona sokoni likamvutia. Mimi nilikuwa nimelala nikitazama ukuta, na mama alinibembeleza nionje, nikaonja.

"Tuliila mpaka mwezi wa nane," nilisema ndani ya viganja. "Mama alipougua ndiyo pekee aliyoweza kuimeza."

"Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri mno, Mayala."

"Hiyo niliisubiri mpaka nyuki wakafunga," alisema. "Kila sega."

Sikujua kama nilie au nicheke, nikafanya yote mawili. Nilimkasirikia baba. Na papo hapo nilimwona jinsi alivyosimama mlangoni na lindo lile, mtu mzima, akitafuta maneno ya kumdanganya binti yake aliyevunjika moyo, akidhani anamwokoa.

Mayala alisogea kidogo kwenye benchi. Sasa pangekaa mtu mmoja.

"Mwaka mzima umelibeba kosa langu," alisema.

"Kosa langu. Kupima ni kazi yangu."

"Na kukata ni yangu."

"Ungeleta hata matope siku ile ningeyamimina pipani. Ulipoingia ukasema, 'Kumbe Pasaka yenu na yetu ni moja.' Basi. Sikuona tena kijiti wala pipa."

"Maneno yale niliyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Sikonge."

"Hayo tu?"

"Yalikuwa na mwendelezo. Nilipokuona, mwendelezo ulinipotea." Akakuna shingo. "Wenzangu walionituma kukaa mezani mle, baadhi yao asali yao ndiyo iliyopasuka. Wamenichagua kwa sababu wanasema Mayala hakati masega wazi. Nikirudi leo nitawaambia. Na kiti hiki nitakiacha."

"Ukiacha kiti, nani atawasemea?"

"Mtu aliye safi."

"Mle ndani waliingia wawili safi kabla yangu," nilisema. "Umesikia mwenyewe."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kile kile, kinachoanza kifuani na kuchelewa kufika mdomoni. Uvimbe ukamfumba jicho.

"Nimekuombea kila siku," nilimwambia. "Hata nilipokuwa nimekukasirikia. Nilimwomba Mungu nyuki wasikuume."

"Ombi hilo halikufika. Tazama."

"Limefika. Ungekuwa umefumba yote mawili."

Aliweka mkono wake juu ya benchi, kando ya wangu. Hakunigusa. Aliacha nafasi ya kidole kimoja, nami nilihisi joto la mkono ule kama nilivyohisi Jumanne ile kwenye meza ya kupokelea, tulipoinama wote wawili juu ya asali na hakuna aliyeitazama.

"Imakulata," alisema, "hakuna mwalimu wa Urambo?"

"Hakuna mwalimu wa mahali popote."

"Basi nitakuja tena Itetemia."

"Baba atakuuliza tena dini."

"Nitamjibu vilevile. Na akinipa maji nitayanywa, lakini safari hii siondoki."

"Na nani anakupigia pasi?" nilitaka kuuliza, lakini sikupata namna. Nikasema tu, "Shati lako limepigwa pasi vizuri."

Alilitazama kama hakuwa ameliona. "Dada yangu. Alisema mjumbe hawezi kwenda mjini kama gunia. Kwa nini?"

"Basi tu," nilisema, na moyo wangu ukamshukuru Mungu kwa ajili ya dada yule nisiyemjua.

"Ingieni!" Bi Zamda aliita.

Tulisimama mbele ya meza, siyo mmoja upande huu na mwingine upande ule, bali bega kwa bega, kama watu walioshitakiwa pamoja. Mzee Selemani alikuwa ameunganisha vidole vyake vilivyopata weusi kwa moto na risasi ya kuungia bati.

"Nimeunga madebe miaka thelathini," alianza. "Debe likivimba lawama inakuja kwa fundi bati. 'Selemani hakuunga vizuri.' Hata siku moja sijasikia mtu wa ghala akisema, ni mimi, sikupima. Leo nimesikia. Tena aliahidiwa msamaha akimtaja mtu, hakumtaja." Akanigeukia. "Ndugu Imakulata, tutakuchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Asali utakayoipokea bila kijiti hata mara moja, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee. Mungu akubariki."

"Aamin. Sasa wewe." Akamtazama Mayala juu ya miwani. "Kiti chako si changu kukuondoa, ni cha wenzako. Nenda ukawaambie kila kitu kama ulivyotuambia, waamue wao. Lakini msimu huu asali yako itapokelewa ya mwisho, watu wote wakishapokelewa. Na haitaingia pipani na ya wengine. Itachujwa peke yake."

"Nakubali, mwenyekiti. Ni haki."

"Na huyu hataipima. Ataipima Bi Zamda."

"Na mimi," alisema Bi Zamda, "nimeolewa mara mbili. Ukiniletea asali changa, uso wako hautakusaidia."

Mayala alijaribu kujizuia akashindwa. Hata Mzee Selemani masharubu yake yalisogea. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuokota kitabu changu cha sala pale kwenye kiti.

"Bado," alisema Bi Zamda. Alikuwa ameokota kalamu yake na kuufungua muhtasari. "Kuna kanuni ya ushirika. Mpokeaji hapokei asali ya ndugu yake, ya mumewe, wala ya mchumba wake. Ndiyo sababu ninayoiandika hapa ya asali ya huyu bwana kupimwa na mimi. Sasa nataka kujua niandike kipi kati ya hivyo. Ndugu?"

"Si ndugu," alisema Mayala haraka.

"Mume?"

"Bado. Yaani, mama, mimi kwa upande wangu ningesema mchumba, lakini baba yake hajakubali."

"Baba yake hatukumwita kwenye usaili," alisema Mzee Selemani. "Na wewe hukuulizwa. Ndugu Imakulata, asali unaijua, kosa lako umelisema. Swali limebaki hili moja. Huyu ni nani kwako?"

Nilimfikiria baba, na mlimau, na kiti alichompa mgeni. Kanisa gani, padri atasema nini, tutasali wapi Jumapili, yote hayo yalikuja na kupanga mstari mbele yangu. Nikaona kwamba hayo ni ya kuzungumzwa, mchana, kwa sauti, na wote wakiwepo, na kwamba hata moja kati yake halikubadilisha jibu.

"Andika mchumba, mama," nilisema.

Nilimsikia Mayala akivuta pumzi kando yangu.

"Na baba?" aliuliza Bi Zamda.

"Baba nitamwambia mimi mwenyewe. Leo hii, kabla hajakaa kunywa chai. Tutakwenda pamoja."

Bi Zamda alinitazama muda mrefu, macho yake yakalainika. Kisha akaweka ile kalamu ya wino pembeni, akapapasa ndani ya kilemba chake, akatoa penseli fupi, akailamba ncha.

"Basi naandika kwa penseli," alisema. "Mzee wako akishakubali mje, nitapitisha wino juu yake."

"Sawa, mama," alisema Mayala, akainama juu ya meza kuona neno lile likiandikwa. "Lakini bonyeza sana."